Ukisema, Umefanya

Mama Funguo aliuambia ukuta kwamba ananawa mikono. Maji hayakuwepo, sabuni haikuwepo, hata karai hakuna. Alisugua viganja vikavu, akavikung'uta, kisha akatangaza kwamba anavaa glavu, ambazo nazo hazikuwepo.

Mtihani wa vitendo ndivyo ulivyo. Unaigiza wodi ndani ya chumba kitupu cha kliniki, na wasahihishaji wamekaa nyuma ya kioo cheusi. Wao wanakuona, wewe huwaoni. Sheria yao ni moja: ukisema, umefanya. Usiposema, hata ukifanya, hujafanya.

Sheria hiyo ilikuwa imemwangusha mara mbili. Mara ya kwanza alimfunika mgonjwa wa kuigiza kwa kitenge chake mwenyewe, kimyakimya, akapata sifuri. Mara ya pili alimshika mtu mkono akasahau kutangaza. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akianguka tena, chuo kinamtoa, na anarudi kubeba mabeseni mpaka kustaafu.

Alikuwa mhudumu wa wodi ya wagonjwa wa akili, mshika funguo, ndiyo asili ya jina. Hospitali ilipoanzisha mpango wa kuwasomesha wahudumu, mchana kazi, jioni darasa, na mwisho wake digrii kamili ya uuguzi, yeye alijiandikisha siku ileile. Vijana waliotoka shule moja kwa moja waliwaita manesi wa mlango wa nyuma. Alicheka nao, angefanya nini? Hakufuata cheo. Alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye nyumbani walimwita mvivu na mdekaji mpaka siku walipomzika.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mwalimu alishawaeleza: siku ya mtihani kliniki inafungwa, mbele panatiwa kufuli, na wagonjwa wa kuigiza wanaingilia nyuma. Akaingia mwanamume wa makamo, vifungo vya shati kavikosea, viatu vimelowa umande wa majani. Kengele ya kuanza Mama Funguo hakuisikia, lakini kengele ile ilikuwa na siku zake.

"Mbele pamefungwa," mwanamume alisema. "Wewe ndiye nesi?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Ni mimi, kaka. Karibu ukae." Kisha akapaza sauti: "Ninamkaribisha mgonjwa. Ninakaa karibu naye."

"Unaongea na nani?"

"Usijali, kaka. Niambie kilichokuleta."

Alimwambia. Kazi iliisha, kisha usingizi, kisha hata hamu ya kuoga. Aliongea akitazama sakafu, taratibu, kama mtu anayeshusha mizigo mmoja mmoja. "Mke wangu anasema naigiza. Shemeji zangu nao vilevile. Eti nadeka tu."

Moyo ulimuuma Mama Funguo. Chuo kimemtoa wapi huyu? Wale wa safari iliyopita walilia kama watoto waliofinywa, ukawaonea haya. Huyu alikuwa fundi.

Akauliza lile swali ambalo wanafunzi hulizungukazunguka. Aliliuliza wazi, bila kumung'unya maneno.

"Kaka, unafikiria kujiua?"

Mwanamume aliitikia kwa kichwa. "Leo. Simu nimemwachia binti yangu. Nikasema nipite hapa kwanza. Kama yupo hata mtu mmoja wa kunisikiliza, basi."

"Nimekusikia," alisema Mama Funguo. "Na ninakuamini."

Hilo halikuwa kwenye masomo. Lilimtoka lenyewe, kwa sababu mdogo wake hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote. Mwanamume akaanza kulia bila sauti, mabega yamelegea. Alionekana kama aliyefika mahali.

Hapo Mama Funguo akakumbuka kioo. Safari hii hasahau. Alikigeukia, akatamka neno baada ya neno: "Sitamwacha mgonjwa peke yake. Ninawapigia ndugu zake. Ninampeleka kwa daktari mimi mwenyewe, sasa hivi."

"Twende," mwanamume alisema, akasimama.

Mama Funguo alibaki amekaa. Hatua zote zilikuwa zimekwisha na hakuruka hata moja. Alizipitia tena kichwani, zote zilikuwepo. Furaha ilimjaa. Mwanamume alikuwa bado amesimama, amemnyooshea mkono, anamsubiri. Masikini, kazi yake anaipenda kweli. Akajiinua kidogo na kumnong'oneza, kioo kisisikie:

"Tumemaliza, kaka. Unaweza kwenda. Na kusema kweli, umeigiza vizuri sana."

Mwanamume alimtazama. Mkono wake ulishuka.

"Na wewe pia," alisema.

Akatoka kwa mlango wa nyuma na kuurudishia polepole, kama mtu aliyelelewa vyema.

Mama Funguo alikaa peke yake akitabasamu kwenye kioo. Kesho angevaa sare nyeupe mbele ya wale vijana. Kesho angekwenda makaburini kumwambia mdogo wake. Alikuwa bado anapanga maneno aliposikia kufuli la mbele likifunguliwa.

Mwalimu aliingia anahema, wasahihishaji wakimfuata, na nyuma yao mama mmoja mnene anayejipepea kwa kitambaa.

"Mama Funguo, tuwie radhi! Sote tulikuwa getini muda wote huu. Gari la mwigizaji lilipata pancha, ndiyo kwanza anafika. Mgonjwa wako huyu hapa. Haya, nawa mikono tuanze."