Kaburi la Kutegesha

Siku mbili kabla ya wathamini kufika, Otiende alianza kumchimbia kaburi baba yake, mtu ambaye, kwa jinsi alivyoambiwa, alikuwa ng'ambo ya mpaka, Migori, akila ugali wa mwanamke mwingine.

Hakuona aibu. Mgodi ulikuwa unachukua ardhi na kijiji kizima kilikuwa kinategesha. Watu walisimamisha nyumba zisizo na milango, wakachomeka migomba isiyo na mizizi, ilimradi mthamini akute kitu cha kulipia. Makaburi nayo yalilipiwa. Otiende alikuwa na miaka ishirini na alitaka kwenda Mwanza kusomea umeme wa magari. Baba aliyemtupa akiwa na miaka sita, basi na amfae walau mara moja.

Shimo lilikuwa limefika magotini aliposikia mkongojo wa bibi yake, Dani Adoyo. Akajiandaa kugombezwa. Wiki nzima Dani alikuwa akiwaita wategeshaji wezi wa mchana, na yeye na Otiende walikuwa hawaelewani siku nyingi: Dani hakutaka simu yake, naye hakutaka hadithi zake.

Dani aliutazama msalaba wa mbao uliolala juu ya udongo. Hakujua kusoma.

"Umemwandika nani, mume wangu?" Ndivyo alivyomtania tangu utotoni.

"Obonyo. Kwangu mimi alishakufa."

Dani aliligusa jina kwa ncha ya mkongojo. Kisha akasema, "Umekosea mahali. Mwanaume analala kulia kwa nyumba yake." Akaunyoosha mkongojo kwenye msingi wa nyumba ya mwanawe Obonyo, iliyokwisha kuanguka. "Na uchimbe kina cha mtu."

Otiende aliangua kicheko. Kumbe ajuza naye yumo! Alifukia alipoanza, akahamia kulia kwa ule msingi, akachimba hadi kichwa chake kikazama. Dani alikaa ukingoni kutwa nzima, akimteremshia maji kwenye kibuyu. Tangu aache shule hawakuwahi kukaa pamoja muda mrefu kiasi kile.

"Tarehe umeweka?" Dani aliuliza jioni.

"Bado. Nitajie yoyote."

"Tisa Machi, mwaka tisini na nane." Hakufikiri hata kidogo. Otiende aliipaka rangi, akimsifu moyoni kwa wepesi wa kutunga.

Kesho yake asubuhi Dani alimtuma bondeni kuleta tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kama mkono uliokatwa. Alipolileta alimkuta amefungua sanduku lake la bati. Dani alilipangusa lile tunda kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kisha akalivika shati la Obonyo lililokuwa chini kabisa ya sanduku. Akafunga vifungo vyote, hadi cha shingoni.

"Ili wakifukua wakute uzito," Otiende alisema, akikonyeza.

"Ili wakute kitu," Dani akajibu.

Mchana wazee walianza kufika, mmoja mmoja, wakiwa wamevaa makoti. Otiende aliwapa shikamoo na kuwagawia viti, akistaajabu jinsi bibi yake alivyowapanga wote bila yeye kujua. Alikuwepo hata Mzee Ochieng, aliyechimba dhahabu na Obonyo enzi za mashimo ya mikono. Kila Januari mzee huyo ndiye aliyemletea Otiende madaftari, akisema yametoka kwa baba yake, Migori. Siku zote alimkabidhi akitazama pembeni. Otiende aliyachana mengi ya madaftari hayo mbele ya macho yake, na mwaka uliofuata akaletewa mengine.

Tunda lilishushwa kaburini likiwa ndani ya shati lake. Hapo Dani Adoyo akaachia sauti. Alizunguka boma akimwita Obonyo kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa majina ya utani ambayo Otiende hakuwahi kuyasikia. Akaanguka kwenye udongo mbichi. Wanawake wawili walimwinua, akaanguka tena.

Otiende alijikaza asicheke. Akainama kwenye sikio la Mzee Ochieng, akamwambia kwa majivuno kwamba wathamini wangeiona hii, wangelipa mara mbili.

"Mzee, Dani alijifunza wapi kulia hivi?"

Mzee Ochieng hakutazama pembeni safari hii. Alifungua viganja vyake, vyenye mistari miwili ya makovu iliyopita kutoka upande hadi upande, akavitazama kama mtu anayesoma.

"Asiyepatikana mwili huzikwa kwa tunda la mwegea, mwanangu. Miaka kumi na minne tumembembeleza mama huyu, akakataa, akasema atangoja shimo lililomfunika lifukuliwe," alisema. "Tarehe tisa Machi kamba ya baba yako nilikuwa nimeishika mimi."