Jini Askari wa Hounslow

"Vua mkanda, weka kwenye trei," jini aliamuru kwa sauti nzito, na Muhsin akavua, suruali kaishika kwa mkono. Mama yake, Bi Mize, alikuwa ameshavua viatu.

Jini mwenyewe alikuwa Faridah, mke wa Muhsin, amelala zuliani, ndiyo kwanza anazinduka kutoka kwenye kifafa. Kazi yake ilikuwa kupekua mabegi ya wasafiri uwanja wa ndege, hapo hapo Hounslow ughaibuni, na kila akizinduka ulimi ulirudi kazini kabla ya akili. Bi Mize hakutaka kusikia hayo. Kwake yeye, huyu alikuwa jini askari.

Daktari alieleza vizuri: siku chache kabla Faridah hajaingia siku zake, homoni inayoutuliza ubongo hushuka, ubongo ukabaki gari bila breki. Akampa vidonge. Muhsin akamfafanulia mama yake: kifafa humjia kabla tu hajakunja msala kwa kuingia siku zake, akishaukunja, hatari imepita mpaka mwezi ujao.

"Basi jini ana kalenda," alisema Bi Mize, akampigia simu mganga Muhiddin.

Muhiddin alipopata nafasi alikuja na begi kubwa jeusi. Alikunywa chai, akavikusanya vidonge vya Faridah mezani mbele yake. Dawa za hospitali, alisema, humtia jini kiburi. Faridah aache kazi, asafirishwe Pemba akapungwe jini huyo. Bi Mize akaridhia. Muhsin hakuweza kumpinga. Mama ni mama. Aliona haya hata kumtazama mkewe, aliyekuwa akimwongezea mgeni chai.

Birika likaanguka. Faridah alikuwa chini, anatetemeka, macho yamegeuka. Kisha ikaja ile sauti.

"Begi hili la nani?"

"Langu," Muhiddin alijibu.

"Umelifunga mwenyewe? Lifungue. Kila kitu mezani."

Mganga alilikumbatia begi.

"Usimkasirishe," Bi Mize alimsihi, viatu vyake mkononi. "Hata mimi hunipekua."

Vikatoka ubani, udi na soksi. Halafu vidonge: vya presha, vya sukari, vya magoti, vya usingizi, boksi juu ya boksi, vyote vya hospitali, vyote vina jina la Muhiddin.

Bi Mize alivaa viatu vyake taratibu.

"Mganga hajigangi, hilo nalijua," alisema. "Lakini majini yako yote haya yanakula dawa za hospitali, wa kwetu ndiye atiwe kiburi?"

Alivichukua vidonge vya Faridah, akamtia mkononi, kisha akaenda kumfungulia mganga mlango.

Muhsin alipiga magoti amfute mkewe jasho. Hapakuwa na jasho. Pembeni, msala wa Faridah ulikuwa umetandikwa kuelekea kibla. Alikuwa ameukunja wiki nzima. Alfajiri ile ndipo alipoutandika tena.