Gari la Kuvuta Tela

Miguu miwili ilichomoza chini ya gari la tatu, viatu vikiwa vimepigwa rangi vizuri, na sauti ya mwanamke ikatokea huko chini.

"Kulabu ya kuvutia tela ipo, lakini imechomelewa juzijuzi tu. Hili hapana."

"Una hakika?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka kwenye simu aliyoilaza kifuani.

"Kwenye mlima wa kwanza tu, kulabu itaondoka na tela."

Muuzaji wa magari, aliyesimama kando, alicheka bila kutaka. Alikuwa amejiandaa kulisifia gari hilo, sasa akazirudisha funguo mfukoni. Huyu mama hakuwa wa kubishana naye. Nusu ya mji ilijifunza udereva kwake na wote walimwita Mwalimu. Muuzaji mwenyewe alifeli kurudi nyuma mara mbili mikononi mwake.

Mwalimu alijitoa chini ya gari, akakung'uta sketi.

"Unachagua gari kama mtu anachagua mchumba," muuzaji alitania.

"Mchumba akikukosea mnaachana, mdogo wangu. Breki zikikukosea hazikupi nafasi hiyo."

Tela lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa na vitanda vya kukunja, jiko la gesi, na dirisha lenye pazia ambalo Mwalimu alilishona kwa mkono wake mwaka ule kifungua mimba alipoanza kutembea. Zamani lilivutwa na pikapu, hadi pikapu ikafa. Sasa lilikuwa kwa baba watoto. Kazi ilimpeleka mji mwingine, na mji ukampokea vizuri. Shule za bweni zilikuwa zinakaribia kufungwa, na watoto wawili walikwisha kuahidiwa likizo ya ziwani. Kilichokosekana ni gari la viti saba lenye uwezo wa kulivuta tela hadi huko.

"Kuna la kijivu na la bluu," muuzaji alisema. "Mnapenda rangi gani?"

"Ngoja nimuulize baba watoto."

"Chagua wewe, mama watoto," simu ilisema. "Mimi magari hunidanganya."

"Yamekudanganya mangapi?"

"Yote ambayo wewe hukuyakagua."

Mwalimu alitabasamu, kisha akageuka upande mwingine na kuanza kubonyeza matairi.

La kijivu lilimshika moyo. Alitaka lifungiwe tela la pale pale uani, likiwa na mifuko ya mchanga ndani, akaliendesha kwenda barabara ya mlimani, muuzaji akiwa pembeni yake. Katikati ya mwinuko alisimama, akavuta breki ya mkono, akasubiri. Gari halikurudi hata inchi. Akaondoka taratibu, injini ikinguruma bila kulalamika. Kwenye mteremko alishika gia ndogo, na walipofika chini akashuka kunusa magurudumu kama mpishi anayenusa chungu.

"Mtakaa huko siku nyingi?" muuzaji aliuliza wakirudi.

"Likizo nzima."

"Na nyumba?"

"Nyumba haitakosa mtu."

Muuzaji aliendelea kupiga soga kuhusu wakwe zake, na Mwalimu alimwacha aseme. Alipenda kusikia mtu akiongea ndani ya gari bila kuulizwa alama za barabarani. Kutwa alikuwa na wanafunzi, mmoja akishuka mwingine anapanda. Jioni ilikuwa kitu kingine. Nyumbani aliwasha redio kwenye chumba asichokaa, ili asikie watu wanazungumza upande wa pili wa ukuta.

Waliporudi uani alipiga simu.

"Ni hili. Breki za nyuma zibadilishwe kabla hujalichukua. Nyingine zote nzuri."

"Gia?"

"Haziruki, hata kwenye mzigo. Ila ukishuka mlima tumia gia ndogo, usikalie breki. Na mdogo asikae viti vya nyuma kabisa, kwenye kona anatapika. Akae katikati, karibu na dirisha."

"Sawa."

"Dirisha lifunguliwe kidogo. Akisema anataka kulifunga, usimsikilize."

"Nimekuelewa. Sasa kimebaki kitu kimoja. Kaa kile kiti cha mbele, cha abiria, uniambie kikoje."

Mwalimu aliingia, akafunga mlango. Kwa mazoea ya kazi mguu wake ulitafuta breki ya mwalimu, ukakuta zulia tupu. Hapa hakuna aliyemtaka asimamishe chochote. Aliegemeza kichwa. Mbele ya kioo lilionekana lango la ua likiwa wazi, na ng'ambo ya lango barabara.

Alinyoosha miguu taratibu.

"Hapo utasinzia kabla hamjatoka mjini," muuzaji alisema kwa upole, ameinamia dirishani.

"Mama watoto? Upo?"

"Nipo. Kiti kizuri. Miguu inanyooka yote."



"Samahani kwa kukusumbua hivi. Hebu kirudishe nyuma zaidi," sauti ilisema. "Mke wangu ni mrefu kuliko wewe."

Mwalimu aliinama, akashika chuma kilicho chini ya kiti, akakisukuma hadi kikagota.

"Kinafika," alisema.