Sare Kwenye Kamba

Sheria inataka familia ya mkaguzi wa bwawa iishi chini ya ukuta wake, na mtoto asilale kwingine. Mkaguzi ni mume wangu, Kihwele. Kila siku watu wa mjini, huko bondeni, hutazama kamba yetu ya nguo. Wakiona sare za binti yetu Atu zimeanikwa, wanajua ukuta ni mzima, wanafungua maduka.

Leo Kihwele amerudi mapema, viatu vimejaa matope. Hata salamu hakutoa.

"Maji yanayovuja chini ya ukuta yalikuwa safi siku zote," alisema. "Leo yanatoka na udongo."

Mke wa mkaguzi haelezwi mara mbili. Ukuta unaliwa kwa ndani.

"Umewaambia wakubwa?"

"Wanasema watu wakijua watakanyagana. Tusubiri amri."

"Amri gani! Mtoe mwanangu shuleni, mpeleke kwa bibi yake mlimani!"

"Nimeshampeleka, Mama Atu."

Nilitaka kumshukuru Mungu. Lakini Kihwele alifungua kabati, akatoa sare za mtoto zilizopigwa pasi, akazichovya kwenye ndoo ya maji.

"Kaanike," alisema, bila kunitazama.

Nikatoka, nikaanika. Vibanio vilinidondoka mara kwa mara. Mama mmoja alikuwa akiteremka kwenda mjini, mtoto mgongoni. Alizitazama sare, akatabasamu.

"Habari za hapa, dada?"

Nyuma yangu ukuta ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate.

"Salama," nikamjibu.