Harufu ya Jirani

Hildegardi alichovya kidole gumba kwenye kidau cha wino wa zambarau, akakikandamiza kwenye karatasi kabla ya mtu mwingine yeyote. Safari hii Tadea, jirani yake wa meza sokoni, angeondoka tu.

Ugomvi wenyewe ulianza na harufu. Tangu biashara iwe ruksa, kila mwenye kapu alipanda Mbinga kuuza, na huyu mwanamke wa Lipingo naye akaja na magunia ya usipa, vile visamaki vikavu vya ziwani, akapanga meza ubavuni mwa meza ya mitumba ya Hildegardi. Wateja wakawa wanainua sweta, wanalinusa, wanalirudisha. Tadea aliamkia kila asubuhi, shikamoo mama, na kila asubuhi Hildegardi alijifanya anakunja suruali.

Na kichwani alikuwa na jambo zito zaidi ya sweta. Mjukuu wake Praygod, aliyeachiwa na binti yake marehemu, alitimiza miaka mitatu bila kusimama, miguu imepinda kwa matege. Sista Ottilia wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mtoto amekosa vitamini D. Avuliwe hayo masweta mawili, aote jua, na kila Ijumaa bibi aje achukue unga wa uji.

"Tumeuongezea vitamini," sista alisema.

Hildegardi hakuuliza zaidi. Vitu vya namna hiyo alijua hutoka Ujerumani.

Na Wajerumani hawakumwangusha. Mwezi wa nne Praygod alisimama kwa kushika mguu wa meza. Wa sita akatembea, na Hildegardi akalia mbele ya soko zima wala hakuona haya. Tatizo ni kwamba safari za kwanza za mtoto zilikuwa za kwenda kwa Tadea. Siku moja alirudi anatafuna. Bibi yake akamchokoa usipa mdomoni, akautupa miguuni pa Tadea.

"Usimlishe mjukuu wangu takataka zako."

"Ameomba mwenyewe, mama," Tadea alijibu taratibu. "Anaujua huu."

Hildegardi alikosa usingizi kwa tusi hilo. Yaani mjukuu wake ni ombaomba?

Lakini kilichomjaza kabisa ni unga. Jumanne alifungua mfuko apike uji, akasikia harufu ileile. Wiki hiyo mfuko ulikuwa umeshinda chini ya meza yake, na uvundo wa yule mwanamke ulikuwa umeingia hadi ndani. Vitamini zikiharibika je? Mtoto arudi kuketi chini kama gunia?

Jumatano akazunguka soko na karatasi. Aliwaambia wenzake kuhusu harufu, akaongeza kwamba usipa uliovunjikavunjika Tadea huutwanga kwenye kinu pale pale sokoni, na hakuna aliyewahi kumwona akiuuza. Labda ni chakula cha kuku, labda ni kitu kibaya zaidi. Watu walitia dole.

Alhamisi mwenyekiti wa soko akamwondoa. Tadea alipakia magunia na kinu chake kwenye lori linaloshuka ziwani, kisha akasimama mbele ya meza ya mitumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Hildegardi aliitikia, kwa mara ya kwanza, na roho yake ikatulia.

Ijumaa walikwenda zahanati, Praygod akitembea mwenyewe njia yote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Leo mtarudi mikono mitupu, mama. Unga hakuna."

Hildegardi alimshika mtoto mkono. Akauliza kama gari la Ujerumani limechelewa.

Sista Ottilia hakuelewa. "Ujerumani ya wapi? Mahindi na karanga ni za hapa hapa, ninazo. Sina usipa. Mama mmoja wa Lipingo alikuwa akitutwangia na kutuletea bure kila wiki, na jana wamemfukuza sokoni, sijui kwa roho gani." Alisogeza karatasi mezani, na kidau cha wino. "Tunaomba arudishwe. Wewe mwenyekiti anakusikiliza, mama. Dole lako liwe la kwanza."

Hildegardi alikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Rangi ya zambarau ilikuwa bado haijatoka.