Mnara Usikie

Tangu sheria ilipoyapa majengo ya kale ulimi ili yawasimulie wageni kila lililotendeka ndani yake, Shee hakumpiga tena mkewe, Mwanakombo, ndani ya mnara wa taa waliokuwa wakiutunza. Alikuwa akimburura nje kwanza, ndipo ammalizie hasira zake mchangani.

Siku moja ya mvua kubwa, Mwanakombo yakamfika shingoni. Akaikumbatia nguzo ya ngazi, asiachie.

“Toka nje, mwanamke we!”

“Sitoki! Niue humu humu, mnara usikie!”

Shee akapandwa na mori. Akachukua spana ya taa, akamtwanga nayo mpaka jino likaruka na damu ikatapakaa ukutani.

Asubuhi wageni walijaa. Mwanakombo aliketi mbele yao, mtandio ukifunika uso uliovimba, akisubiri haki yake. Mnara ukasimulia habari za walioujenga, dhoruba, meli zilizopasuka mwambani. Kisha ukatoa la jana, pigo kwa pigo, mpaka yowe lake la mwisho.

Wageni wakashusha pumzi. Mara wakapiga makofi.

“Yaani kama kweli!” alisema mama mmoja, akipangusa machozi. “Hebu lirudieni hilo.”

Shee akatabasamu, akainama kuwashukuru.

Tangu siku hiyo hakuhangaika tena kumtoa nje.