Mkanda wa Kidevuni

Rungu lilibonyeza kofia ya chuma ya mdogo wangu Leszek hadi mkanda wa kidevuni ukamkaba koo. Vita tunavyoigiza kila Julai ni vya mwaka 1410, lakini macho yaliyomtoka hayakuwa ya kuigiza.

"Mfungue, shemeji!" mkewe alipiga kelele.

Bizimu la kufungia mkanda lilikuwa limepinda, halifunguki. Nikachomoa kisu changu cha kukatia ngozi. Ncha ikatafuta pa kupenya kati ya mkanda na shingo, ikakosa.

Asubuhi Leszek aliniomba nimwekee kifungo cha plastiki, kinachofunguka haraka. "Mwaka 1410 plastiki ilitoka wapi, bwege wewe?" nilimcheka. "Mkanda nilioshona mimi, utazikwa nao."

"Kata!" mkewe alipiga kelele tena.

Nikaanza kukata kwa juu, ngozi ya ng'ombe tabaka mbili, uzi uliopakwa nta. Mkono wa mdogo wangu uliokuwa umenishika goti ukalegea. Mshono wangu haukuachia hata uzi mmoja.